Fleti 80 kwenye barabara iliyokwisha kujaa: wakazi waseme nini ili wasikilizwe?

Swali: "Mhandisi, habari za kazi. Mtaa wetu una njia moja tu ya kutokea barabara kuu. Asubuhi foleni inaanza mapema, magari yameegeshwa pande zote mbili, na watoto wanapita humo humo kwenda shule. Sasa kuna mwendelezaji ameomba kibali cha kujenga fleti 80 kwenye kiwanja kilicho katikati ya mtaa. Ripoti yake inasema ongezeko la magari ni dogo na halitaleta athari ya maana. Sisi tunaoishi hapa tunajua barabara imeshajaa. Tumeandika barua moja, zaidi ya watu mia wametia sahihi. Je, inatosha? Na kibali kikitolewa licha ya hayo, tufanyeje?"

Jibu: Haitoshi, na nakwambia mapema ili msiupoteze muda uliobaki wa kutoa maoni. Afisa wa mipango akiifungua barua yenu ataona sababu moja iliyosemwa na watu mia: barabara imejaa. Jibu la sababu hiyo mwendelezaji analo mkononi. Ndiyo maana alimlipa mtaalamu aandike ripoti. Ushauri wangu ni kwamba muache kubishania wingi wa magari kwa ujumla, mwoneshe ni wapi hasa barabara yenu inakwama, saa ngapi, na nini kitatokea pale pale fleti zikishajaa watu. Barabara haikwami yote. Hukwama mahali fulani, na mahali hapo panapimika.

Tuanze na hesabu ya mwendelezaji mwenyewe. Wakazi wengi hudhani fleti 80 maana yake ni magari 80 yanayotoka kwa mkupuo saa 1 asubuhi. Msiseme hivyo mbele ya kamati, mtaonekana hamjui mnachokisema. Wapo watakaotoka alfajiri, wapo wa saa 4, wapo wasiotoka kabisa na wapo wasio na gari. Viwango vinavyotumika katika nchi nyingi ni vile vya Institute of Transportation Engineers, chama cha wahandisi wa usafirishaji cha Marekani. Kwa viwango hivyo, nyumba inayojitegemea huzalisha safari 9 na ushei za gari kwa siku, kuingia na kutoka, na karibu safari 1 katika saa ile moja ya jioni yenye magari mengi zaidi. Fleti katika jengo la ghorofa za wastani huzalisha safari 4 na nusu hivi kwa siku, na takriban 0.4 katika saa hiyo. Kwa fleti 80 basi tunazungumzia safari kama 360 kwa siku, na 30 hivi katika saa ya asubuhi. Nyingi kati ya hizo za asubuhi, tuseme 24, ni za kutoka.

Magari 24 ndani ya saa nzima ni gari moja kila baada ya dakika mbili na nusu. Ripoti inaishia hapo na kuandika neno "dogo". Ninyi anzieni hapo.

Tuseme makutano yenu na barabara kuu yana uwezo wa kutoa magari 300 kwa saa, yaani kwa wastani mwanya mmoja wa kuingilia barabara kuu hupatikana kila sekunde 12. Magari yanayotaka kutoka leo ni 240. Kanuni ya foleni anayofundishwa mwanafunzi wa uhandisi inasema: chukua zile sekunde 12, zigawanye kwa sehemu ya uwezo iliyobaki wazi, utapata wastani wa muda ambao gari litatumia tangu lijiunge na foleni hadi litoke. Iliyobaki wazi ni 60 kati ya 300, yaani 0.2, kwa hiyo ni sekunde 60. Sasa ongeza yale 24. Iliyobaki wazi ni 36 kati ya 300, na muda unakuwa sekunde 100. Magari yameongezeka kwa asilimia 10, kusubiri kumeongezeka kwa theluthi mbili. Na kama kuna kibali kingine kilichokwisha kutolewa kwa jirani ambacho bado hakijajengwa, chenye kuleta magari 12 tu ya asubuhi, muda unafika sekunde 150.

Hiyo ni hesabu iliyorahisishwa, na programu za kitaalamu huangalia mengi zaidi, lakini umbo lake ni lile lile: makutano yanapokaribia uwezo wake, kila gari jipya linaumiza kuliko lililotangulia. Ndiyo sababu wahandisi wengi huchukua asilimia 85 ya uwezo kama kiwango cha tahadhari. Katika mfano wangu, leo mko asilimia 80. Baada ya fleti mtakuwa 88. Kwa hiyo fungueni ripoti mtafute jedwali la makutano yenu, si jedwali la asilimia za ongezeko. Kama halimo, hoja yenu ya kwanza imepatikana. Kama limo, angalieni iwapo vibali vingine vilivyokwisha kutolewa vimejumlishwa. Mara nyingi havimo, kwa kuwa kila mwendelezaji huhesabu mradi wake kana kwamba yuko peke yake.

Kisha ulizeni magari ya leo yalihesabiwaje. Hapa nitakaa kidogo, maana nimeshaona ripoti nyingi zikianguka kwa jambo hili moja. Mtu akisimama kwenye mdomo wa barabara yenu akahesabu magari yanayotoka, foleni ikiwepo, anachohesabu ni yale yaliyofanikiwa kutoka. Yaliyokwama nyuma hayamo. Ndiyo maana barabara iliyokwama inaweza kuonekana kwenye karatasi kuwa na magari machache kuliko barabara inayotiririka vizuri. Mirija ya mpira inayolazwa barabarani nayo hupoteza hesabu magari yanapotambaa na kusimama simama juu yake. Idadi sahihi hupatikana kwa kuhesabu yanayofika mwishoni mwa foleni, au kwa kuhesabu yanayotoka huku unaandika urefu wa foleni kila baada ya dakika tano. Tazameni pia tarehe. Hesabu inayoaminika hufanyika Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa. Nikiona hesabu ya siku moja iliyofanyika wakati wa likizo, huwa siendelei kusoma kurasa zinazofuata. Kila kitu humo kimejengwa juu ya namba hiyo.

Hesabu yenu mnaweza kuifanya wenyewe. Watu wawili, saa 1 hadi saa 3 asubuhi, siku tatu za katikati ya wiki. Mmoja akae kwenye makutano aandike magari kwa robo saa, akitenga magari madogo, malori, mabasi na pikipiki. Mwingine aandike foleni imeishia mbele ya nyumba ya ngapi, kila dakika tano, na apige picha yenye saa. Karatasi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko sahihi mia, kwa sababu mtaalamu wa halmashauri analazimika kuijibu.

Suala la pili ni upana, na kwa jinsi ulivyoeleza mtaa wenu, huenda hili ndilo zito kuliko foleni. Chukueni futi ya kupimia, mkapime sehemu nyembamba kuliko zote usiku, magari yote yakiwa yameegeshwa. Barabara ya mita 7 huonekana pana mchana. Gari lililoegeshwa hula karibu mita 2, mengine yakikaa ng'ambo yanakula mita 2 nyingine, zinabaki 3. Mwongozo wa usanifu wa mitaa unaotumika Uingereza huchukua mita 4.1 kuwa kiasi cha magari madogo mawili kupishana, na mita 4.8 kwa gari dogo na lori. Kwa hiyo mita hizo 3 si barabara ya njia mbili tena, hata kama ripoti imeihesabu hivyo. Ni njia moja inayotumiwa kwa zamu, na uwezo wake unategemea kama madereva wawili wanaokutana katikati wana pa kujibanza.

Zimamoto nao wana vipimo vyao. Mwongozo wa England wa usalama wa majengo dhidi ya moto unataka njia ya gari la zimamoto iwe na mita 3.7 kati ya kingo; Marekani kanuni inayotumika sana inataka futi 20, yaani kama mita 6. Tafuteni kiwango cha nchi yenu, kisha mkiweke pembeni ya kipimo mlichopima wenyewe usiku. Mwandikieni pia mkuu wa kituo cha zimamoto kinachowahudumia mkimuuliza kama gari lake litapita. Jibu lake likiwekwa kwenye jalada, hakuna kamati inayopenda kulipuuza. Dereva wa gari la taka mwulizeni vilevile. Yeye hupita kila wiki na anajua kona anayolazimika kurudi nyuma mara tatu ndipo aikate.

Kwa nini nasisitiza upana na usalama kuliko foleni? Kwa sababu ndivyo sheria za mipango zinavyoelekea. England, kwa mfano, sera ya taifa inasema mradi ukataliwe kwa sababu za barabara pale tu usalama utakapoathirika kwa kiwango kisichokubalika, au athari za jumla zinazobaki kwenye mtandao wa barabara zitakapokuwa kali. California wameenda mbali zaidi: kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika jimbo zima tarehe 1 Julai 2020, kucheleweshwa kwa magari hakuhesabiwi tena kuwa athari kwa mazingira, kinachopimwa ni jumla ya umbali ambao watu watasafiri kwa gari. Nchi yenu inaweza kuwa na utaratibu wake, lakini afisa aliyesoma mipango miji anazijua fikra hizi. Ukimwambia "tutachelewa kazini" atakusikitikia. Ukimwambia "mtoto akivuka hapa dereva hamwoni" ataandika.

Na hilo la mtoto nalo linapimika. Nendeni pale mwendelezaji anapopanga kuweka lango la magari. Simameni mita 2.4 nyuma ya ukingo wa barabara, ambapo macho ya dereva anayetoka yatakuwa, muinamishe kichwa hadi usawa wa dereva wa gari dogo, kama mita 1 kutoka chini. Angalieni kushoto na kulia. Kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa, mwongozo ule ule wa usanifu wa mitaa wa Uingereza unataka dereva aone mita 43 bila kizuizi. Kwa kilomita 32 kwa saa, mita 25. Kama magari yaliyoegeshwa yanawazibia macho kwenye mita 10, pigeni picha kutoka urefu huo huo na mwandike umbali mlioupima. Michoro ya ripoti huonesha mistari ya kuona mbali iliyonyooka vizuri, ila barabara ya kwenye mchoro huwa haina gari hata moja lililoegeshwa.

Maegesho sasa. Hapa mtagawanyika wenyewe kwa wenyewe, nawatahadharisha. Wengine watadai jengo liwe na nafasi mbili kwa kila fleti ili magari yasimwagikie mtaani. Linasikika vizuri, lakini nafasi nyingi huvuta wapangaji wenye magari mengi, na magari hayo yatatoka kupitia makutano yale yale mnayoyalilia. Nafasi zikiwa chache mno nazo, magari yatalala mbele ya mageti yenu. Kwa maoni yangu, kinachoamua ni nani anaruhusiwa kuegesha barabarani. Kama kando ya barabara ni bure na hakuna usimamizi, hata jengo lenye maegesho ya kutosha litamwaga magari nje, hasa nafasi ya ndani ikikodishwa kwa ada ya ziada. Kwa hiyo dai lenu liwe: maegesho ya upande mmoja tu kwenye sehemu nyembamba, sehemu za kupishana zilizochorwa, na kibali cha kuegesha kwa wakazi ambacho wapangaji wa jengo jipya hawatakipata.

Ili msiambiwe mnatia chumvi, fanyeni hesabu ya maegesho ya usiku. Kuna mtindo wa halmashauri ya Lambeth jijini London ambao umeenea: hesabu hufanyika usiku wa siku mbili za kazi, kati ya saa 6:30 usiku na saa 11:30 alfajiri, wakati karibu kila mtu yuko kwake, ndani ya mita 200 za kutembea kutoka kiwanja husika. Nafasi moja huchukuliwa kuwa mita 5. Mkikuta nafasi 100 na magari 96, hakuna haja ya maneno mengi.

Kuna athari ambayo wakazi huisahau kabisa hadi siku inapowafikia, nayo ni malori ya ujenzi. Tufanye jengo lina ghorofa ya chini ya ardhi yenye urefu wa mita 40, upana 20 na kina 3. Udongo wake ni mita za ujazo 2,400. Ukichimbwa hufumuka, tuseme kwa robo, unakuwa 3,000. Lori linalobeba mita za ujazo 15 litahitaji safari 200 kuumaliza, na kila safari ni kupita mara mbili mbele ya nyumba yenu: mara 400, kabla ya nondo wala tofali kuletwa. Bado zege. Kwenye mtaa mwembamba kama wenu hilo ndilo litakalowatesa kwa miezi, tena mapema kuliko mpangaji yeyote. Dai la mpango wa malori halihitaji ugomvi, wala mwendelezaji mwenye akili halikatai: saa za malori zisigongane na saa za shule, mafundi waegeshe ndani ya kiwanja, matairi yaoshwe kabla ya kutoka, na hali ya barabara ipigwe picha kabla ya kazi kuanza ili atakayeiharibu aitengeneze.

Ningependa pia mjiulize kama mnataka barabara ipanuliwe, kwa sababu najua hilo ndilo ombi litakalotoka kwanza mkutanoni. Mimi nisingeliomba. Barabara ya makazi ikishapanuliwa na kufunguliwa upande wa pili, madereva wa mbali huigeuza njia ya mkato, na simu zao zitawaelekeza huko wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa mipango miji Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi ila si kwa magari: mmoja ulipitisha kama magari 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Wakazi wa mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki mtaani mwao mara tatu ya wale wa mtaa wenye magari mengi. Magari mkishayaalika kwa lami pana, kuyaondoa ni kazi ya miaka. Ombeni makutano yatengenezwe, njia ya waenda kwa miguu, kivuko na matuta. Lami ibaki ilivyo.

Yapo pia ya kuyaacha nje ya barua yenu. Thamani ya nyumba zenu kushuka, mandhari kuzibwa, "watu wa aina gani watahamia": haya mamlaka nyingi hazina nafasi ya kuyapima, na hilo la mwisho litawaharibia jina. Msiseme vilevile kwamba hamtaki nyumba zozote. Watu hao 80 na familia zao wataishi mahali fulani, na wakiishi mbali zaidi na kazi watapita barabara kuu yenu wakiwa ndani ya magari. Maji ya mvua ni hoja halali, kwa kuwa kiwanja cha udongo kikifunikwa zege maji yote yatakuja barabarani, ila iandikieni barua yake, isichanganywe na hii.

Sasa swali lako la pili. Kibali kikitolewa, na mara nyingi hutolewa, kilichobaki ni masharti yake, kwa hiyo msisubiri uamuzi ndipo myafikirie. Yawekeni tangu sasa kwenye barua ya pingamizi: "tunapinga kwa sababu hizi, hata hivyo mamlaka ikiona vema kukubali, tunaomba masharti yafuatayo." Kufanya hivyo si kusalimu amri, hata kama baadhi ya majirani watawaambia mmenunuliwa.

Katika masharti, angalieni neno moja kuliko yote: lini. Sharti linalosema mwendelezaji "atachangia uboreshaji wa makutano" halina tarehe, na uboreshaji huo unaweza kuja miaka mitano baada ya watu kuhamia au usije kamwe. Sharti lenye meno husema hakuna fleti itakayokaliwa mpaka makutano yatengenezwe na kukaguliwa, au hakuna udongo utakaochimbwa mpaka mpango wa malori uidhinishwe. Uingereza masharti ya namna hii yalipata nguvu ya kisheria mwaka 1984, katika kesi ya Grampian na jiji la Aberdeen huko Uskoti, ambapo mahakama ya juu ilikubali kuwa ujenzi unaweza kuzuiwa usianze mpaka barabara fulani ifungwe kwanza. Hata kama nchi yenu haifuati kesi hiyo, mpangilio wa "hakuna mpaka" unaweza kuombwa popote, na mwendelezaji mwenye fleti za kuuza huharakisha kazi ya makutano akijua hawezi kukabidhi funguo bila hiyo.

Kama sheria yenu inawapa nafasi ya kukata rufaa, kumbukeni kwamba rufaa kwa kawaida husikiliza yale yaliyokwisha kuwekwa kwenye jalada. Ndiyo maana vipimo, picha na barua ya zimamoto viingie sasa, kabla dirisha la maoni halijafungwa. Barua tano tofauti zitafaa kuliko moja yenye sahihi mia: ya foleni na hesabu zake, ya upana na zimamoto, ya lango na watoto, ya maegesho ya usiku, na ya malori. Kila moja iandikwe na mkazi anayeliona jambo hilo kutoka dirishani kwake, iwe na ukurasa mmoja, na imalizike kwa sharti analoliomba. Ya makutano aiandike yule anayekaa nyumba ya pembeni.